Taa za Disko Kwenye Kompyuta, Video za Watu Hazina Hata Kopi: Maedita, Tuongee Ukweli

Kuna picha nina uhakika umeiona mwezi huu, kama sio ya huyu basi ya mwenzake. Dairekta wa hapa mjini, jina nalihifadhi maana wengi mnamfahamu, kaposti "ofisi mpya". Meza nyeusi, skrini mbili pana, kiti cha wacheza gemu, na kompyuta yenye ubavu wa kioo inayowaka nyekundu, bluu na zambarau kama ukumbi wa disko. Chini ya picha mastaa wamejipanga. "Kaka umetisha." "Tajiri!" "Kichupa kijacho nakuletea wewe."

Sawa, hongera yake. Na mimi napenda vitu vizuri. Ila kwenye komenti zote zile hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la maana kuliko yote: kaka, video zetu unaziweka wapi?

Kuna familia moja ingetamani swali hilo liulizwe mapema. Walimpa mtu wa aina hiyo hiyo kazi ya sendofu ya binti yao. Video ya muhtasari ikatoka ndani ya wiki, tamu, muziki wa kisasa, droni juu ya ukumbi, kila mtu akaweka status. Baba wa binti aliongea pale mbele karibu dakika kumi, akimuusia mwanawe. Kwenye muhtasari ziliingia sekunde ishirini tu, na hapo muziki umefunika sauti. Miezi michache baadaye mzee akafariki. Binti akampigia dairekta: naomba ile hotuba ya baba yote, hata kama haijaeditiwa. Jibu alilopewa ni kwamba diski ilikufa, mafundi wamejaribu, pole sana dada.

Diski ilikuwa moja. Kopi ya pili hakuna. Kompyuta ya mamilioni ipo, inawaka taa. Hotuba ya mzee imebaki sekunde ishirini.

Hoja yangu naiweka hapa juu ili hata asiyefika mwisho aondoke nayo: anayechukua hela za watu kurekodi shughuli zao, halafu hana kopi ya pili ya mafaili, huyo hajamaliza kununua kompyuta yake, hata kama imemgharimu bei ya gari. Na wengi wetu tunanunua hizi mashine kinyumenyume. Tunaanza na kile kinachoonekana kwenye picha, tunamalizia na kile kinachotunza kazi. Inatakiwa iwe kinyume chake.

Nitaenda kipengele kimoja kimoja, maana najua humu kuna vijana wanajichanga waanze kuediti nyumbani, na mjini kuna watu wanasubiri tu wawapige.

HESABU KWANZA, KARIAKOO BAADAYE

Kabla hujaenda dukani, kaa chini upige hesabu ya mafaili yako. Kamera nyingi za siku hizi zikirekodi 4K kwa kiwango cha kawaida zinaandika megabiti 100 kwa sekunde. Gawanya kwa 8, unapata megabaiti 12.5 kwa sekunde. Dakika moja ni megabaiti 750. Saa moja ni gigabaiti 45.

Sasa chukua sherehe ya kawaida tu. Kamera tatu, kila moja imerekodi saa tano. Hizo ni saa 15, yaani gigabaiti 675. Sherehe moja! Weka kopi ya pili, umeshapita terabaiti 1 na zaidi ya robo. Fanya sherehe mbili kila mwisho wa wiki, mwezi ukiisha ndio utaelewa kwa nini maedita wengi wanafuta kazi ya zamani ili kupisha mpya. Wengine sio kwamba diski zao zinakufa, wanafuta wenyewe halafu wanasema imekufa.

Na hapo bado hujaingia kwenye mafaili mazito. Ukirekodi au ukigeuza video ya 4K ya fremu 30 kwenda ProRes 422 HQ, unazungumzia karibu gigabaiti 400 kwa saa moja. Kwa hiyo muuzaji anayekwambia "hii ina terabaiti 1, hutaimaliza maisha yako yote" anafikiria picha za WhatsApp. Msamehe, ila usimsikilize.

Ukijua mzigo wako wa mwezi, ndio unajua diski ya kununua. Ukijua diski ya kununua, ndio unajua umebakiwa na shilingi ngapi za vitu vingine. Mpangilio wangu ni huo na sioni aibu: angalau robo ya bajeti yote iende kwenye kuhifadhi.

DISKI TATU, KAZI TATU

Kosa kubwa la wanaoanza ni kurundika kila kitu sehemu moja. Windows iko hapo, Premiere iko hapo, video za wateja ziko hapo, na muvi alizopewa na mshkaji ziko hapo hapo. Ikijaa, kila kitu kinaanza kuganda, halafu lawama zinaenda kwa prosesa.

Gawanya kazi. Ya kwanza ni SSD ya mfumo: Windows na programu zako. Gigabaiti 500 zinatosha kabisa. Ya pili ni SSD ya kazi inayoendelea, terabaiti 1 au 2. Humo ndimo unamwaga klipu za kazi unayoediti wiki hii, pamoja na yale mafaili ya muda ambayo programu inajitengenezea yenyewe. Ya tatu ni ghala: diski kubwa ya kuzunguka, HDD, terabaiti 4 au zaidi, ya kazi zilizokwisha. Na ghala lenyewe liwe na pacha wake, nitaeleza.

Watu wanauliza, kwani siwezi kuediti moja kwa moja kwenye HDD? Utaweza, ila utateseka. HDD nzima inasoma kwenye megabaiti 100 hadi 200 na kitu kwa sekunde. Ukiangalia namba tu unasema inatosha, si kamera tatu ni megabaiti 37 na nusu? Tatizo ni kwamba ndani yake kuna mkono unaotembea juu ya sahani inayozunguka. Ukiediti kamera tatu kwa pamoja, mkono unaruka huku na kule kutafuta vipande. Hapo ndipo picha inapoanza kukwamakwama. SSD haina mkono, haina sahani, inachukua kipande chochote papo hapo.

Na hapo hapo usiuziwe namba. Utakutana na SSD ya SATA inayofika kama megabaiti 550 kwa sekunde, ya NVMe inayofika 3,500, na nyingine mpya zaidi inayopita 7,000. Muuzaji atakwambia bila hiyo ya 7,000 wewe sio edita. Angalia tena hesabu yetu: kamera tatu, megabaiti 37 na nusu. Hata ile ya SATA inakubeba na nafasi inabaki. Chukua ya bei ya kati, tofauti ya hela kanunulie diski ya ghala.

Wa laptop, ninyi ongezeni SSD ya nje. Ila chomekeni kwenye tundu la USB 3. Lile la USB 2 la zamani linapitisha megabaiti 30 na kitu hadi 40 tu kwa sekunde, hata SSD yako iwe ya malaika. Na waya nao ni vile vile. Watu wananunua diski nzuri halafu wanaichomeka kwa waya wa kuchajia simu uliookotwa kwenye droo, kisha wanapiga simu kulalamika.

HERUFI MOJA INAYOKUINGIZA MJINI

Tuje kwenye prosesa. Hapa wengi wanapigwa na hawajui kama wamepigwa.

Video za kamera na simu zetu nyingi ni H.264 au H.265. Hizi zimebanwa sana ili zisichukue nafasi, kwa hiyo kompyuta inapocheza lazima izifumue fremu kwa fremu. Prosesa nyingi za Intel zina kipande maalumu cha kazi hiyo, kinaitwa Quick Sync, kipo tangu 2011. Kipande hicho kinakaa ndani ya grafiki za prosesa yenyewe. Sasa kuna prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni mwa namba, mfano 12400F. F maana yake grafiki hazifanyi kazi, na Quick Sync imeenda nazo. Kwa mcheza gemu mwenye kadi yake ya picha haina shida, kaokoa hela. Kwa edita, umeacha fundi wako bora nje ya mlango kwa sababu ya herufi moja.

Mtego wa pili ni yale mamashine makubwa ya mtumba. Unaingia dukani, unaoneshwa boksi zito kama friji, prosesa ya Xeon E5, koa 12, RAM nyingi, bei ya kawaida. Muuzaji anakwambia "hii wanatumia Wazungu kwenye studio." Ni kweli walitumia, miaka ya 2014 hadi 2016. Lakini Xeon E5 hazina grafiki ndani, kwa hiyo hazina Quick Sync. Kwa video za H.265 za simu yako, Core i5 ya miaka ya karibuni yenye grafiki zake inaweza kuliacha hilo dude na foleni, tena kwa umeme mdogo. Uliza kizazi cha prosesa, usihesabu koa peke yake. Na kwenye Intel ukichukua kuanzia kizazi cha 8 kwenda juu, Windows 11 inaikubali rasmi. Hilo sio dogo, maana Windows 10 ilishaachwa kuhudumiwa na wenyewe tangu Oktoba 2025.

Wenye kamera kali, zile zinazorekodi H.265 ya biti 10 kwa mtindo wa 4:2:2, sikilizeni kwa makini zaidi. Kadi za Nvidia za RTX 30 na RTX 40 hazina uwezo wa kufumua hayo mafaili kwa kipande maalumu. Zilizoanza ni RTX 50, mwaka 2025. Lakini grafiki za ndani za Intel kuanzia kizazi cha 11 zinayafumua. Kwa hiyo unamkuta jamaa ana kadi ya bei mbaya inayowaka taa, video inakwamakwama, na aliyekaa naye meza moja ana kilaptop cha kawaida kinateleza. Sio uchawi.

Watu wa Mac nao wapo, na nawaheshimu. Mac mini ya M4 ya mwaka 2024 ni mashine ndogo inayofanya kazi kubwa, na kwa nyumba ambayo umeme ni wa kubahatisha inasaidia kwa sababu inakula kidogo. Angalizo ni moja: RAM huwezi kuongeza baadaye, na ile ya bei ya chini kabisa inakuja na gigabaiti 256 za kuhifadhi. Umeona sherehe yetu moja ina gigabaiti 675. Kwa hiyo bajeti yako ihesabu na SSD ya nje, la sivyo umenunua sahani nzuri ya kulia bila sufuria ya kupikia.

RAM, HALAFU KADI YA PICHA

RAM sitakaa sana. Gigabaiti 8 ni za kuvumilia. 16 zinatosha kwa HD, na 32 ndio mahali pa kutulia kwa 4K. Hata Adobe wenyewe kwenye mapendekezo yao ya Premiere wanasema 16 kwa HD na 32 au zaidi kwa 4K. Nunua vipande viwili vinavyofanana badala ya kimoja, kompyuta inasoma yote mawili kwa pamoja. Basi.

Kadi ya picha nayo ina kazi yake, sikatai. Ukiwa mtu wa DaVinci Resolve, unapaka rangi sana, unasafisha chenga za video za usiku, kadi itafanya kazi kweli kweli. Tafuta yenye gigabaiti 6 hadi 8 za kwake yenyewe. Lakini kama kazi yako ni kukata, kuunga, kuweka maandishi na muziki, kadi kubwa ni mapambo. Wengi waliojenga kompyuta ya milioni kadhaa walichojenga ni mashine ya gemu, halafu wakasakinisha Premiere juu yake.

Na kwa asiye na hela kabisa kuna kitu kinaitwa proksi, na kinanishangaza jinsi kilivyo bure na jinsi watu wanavyokikwepa. Premiere inacho, Resolve inacho, tena Resolve ya bure. Unaiambia programu itengeneze kopi nyepesi za klipu zako, unaediti kwa zile nyepesi, siku ya kutoa video inarudi yenyewe kwenye mafaili halisi. Unaiacha inatengeneza usiku, asubuhi unaanza kazi. Laptop ya kawaida inaediti 4K bila kelele. Hakuna anayeposti proksi Instagram kwa sababu hazina taa.

USIPIGWE, USIUNGUZE

Mambo mawili ya mtaani, kwa haraka.

La kwanza, diski feki. Ukiona flashi ya terabaiti 2 kwa bei ya chipsi kuku, au SSD ya nje ya terabaiti 16 kwa bei ya viatu, kimbia. Hivi vitu vinadanganya kompyuta. Ukichomeka vinajionesha ni vikubwa, unakopi mafaili yanaingia vizuri, na yakishapita ukubwa halisi yale mengine yanaandikwa juu ya yaliyopo au yanapotelea hewani. Jina la faili unaliona, ukilifungua halichezi. Hapo umeshafuta memori kadi. Kuna programu za bure za kupima, H2testw kwa Windows na F3 kwa Mac na Linux. Pima siku ile ile uliyonunua, ukiwa bado una risiti. Ukichukua mzigo Kariakoo, au Luthuli kwa ndugu zetu wa Nairobi, mwambie muuzaji kabisa kwamba unaenda kupima. Sura yake itakupa jibu la kwanza.

La pili, umeme. Umeme unakatika, unarudi na kishindo, na diski iliyokuwa inaandika inabaki na faili nusu. Kwa kompyuta ya mezani UPS sio anasa. Haihitaji kukupa saa nzima, ikupe dakika tano za kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu. Nunua na pawa saplai ya jina linaloeleweka, maana ile ya bei ya kutupa ikiungua haiondoki peke yake, inaondoka na wenzake. Na diski ya ghala kama unaitumia kwenye Windows tu, iumbize kwa NTFS. Ile exFAT ni nzuri kwa kuhamia Mac na kamera, ila haina daftari la kumbukumbu ya kile ilichokuwa inaandika, kwa hiyo ukiichomoa vibaya au umeme ukikatika inaumia kirahisi zaidi.

Na joto la Dar mnalijua. Ukiweka kompyuta chini ya meza iliyobanwa ukutani, vumbi limejaa kwenye feni, hata prosesa ya bei gani itapunguza kasi ili isiungue. Brashi ya rangi ya buku mbili na dakika kumi kila mwezi, umemaliza.

KOPI TATU, SIO MANENO MATATU

Kanuni ipo, haikutungwa jana. Mpiga picha wa Marekani anayeitwa Peter Krogh ndiye aliyeitangaza kwa wapiga picha: 3-2-1. Kopi tatu za kazi, kwenye aina mbili tofauti za vifaa, na moja ikae nje ya jengo lako.

Kwa maisha yetu inakuwa hivi. Kopi ya kwanza ni ile SSD unayoeditia. Ya pili ni diski ya ghala hapo hapo nyumbani. Ya tatu ni diski pacha inayokaa kwa dada yako Mbagala au ofisini kwa rafiki, mnabadilishana kila wiki. Mwizi akija, moto ukiwaka, maji yakiingia chumbani masika, bado una kazi za watu. Na memori kadi haifutwi mpaka kopi mbili zimefunguka na zimecheza. Nimesema zimecheza, sio zimeonekana.

Ukiona hii ni hofu ya maskini, wasikilize Pixar. Mwaka 1998 wakiwa wanatengeneza Toy Story 2, amri ya kufuta ilipigwa kwa bahati mbaya na sehemu kubwa ya filamu ikayeyuka mbele ya macho yao. Wakakimbilia bakapu, wakakuta bakapu haikuwa inafanya kazi vizuri na hakuna aliyekuwa ameijaribu. Kilichowaokoa ni mfanyakazi wao, Galyn Susman, aliyekuwa amejifungua na akawa anafanyia kazi nyumbani. Kwenye kompyuta ya nyumbani kwake kulikuwa na kopi. Filamu ikatoka 1999 na dunia ikacheka nayo. Studio yenye hela zote zile iliokolewa na kopi iliyokaa sebuleni kwa mama mwenye mtoto mchanga. Wewe na diski yako moja unajiamini nini?

VISINGIZIO NINAVYOVIJUA

"Mteja halipii bakapu." Halipii kwa sababu hujamwambia. Weka kwenye bei yako, andika mstari mmoja: mafaili yatatunzwa miezi 12. Anayetaka zaidi alete diski yake. Mbona ya droni unaiweka na wanalipa?

"Si kuna mtandao, naweka huko." Weka, ni wazo zuri kwa video iliyokamilika. Lakini gigabaiti 675 kwa intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde ni saa 150, zaidi ya siku sita mfululizo bila kukatika. Hilo bando utalipiwa na nani?

"Zote ziko YouTube." Hii ndio inayonichekesha na kuniuma kwa pamoja. Kuna msanii mmoja mkubwa, alikuwa anatafuta vichupa vyake vya zamani ili atengeneze filamu ya maisha yake kwenye muziki. Madairekta wawili kati ya wale aliofanya nao kazi hawakuwa na chochote. Akaambiwa adaunlodi YouTube. Jamani, YouTube inabana video upya kila unapoipandisha. Unachokishusha ni kivuli cha ile uliyopeleka, na zile klipu ambazo hazikuingia kwenye kichupa, vicheko nyuma ya kamera, mshkaji wake ambaye leo hayupo duniani, hizo hazikupanda kabisa. Muziki wetu tunasema ni biashara ya mabilioni, halafu historia yake iko kwenye diski iliyoanguka kutoka kwenye bodaboda.

"Mimi nina RAID." Ya aina gani? RAID 0 inaongeza kasi, na diski moja ikifa zote zimekufa. RAID 1 inaandika diski mbili sawa, kwa hiyo ukifuta faili kwa bahati mbaya linafutika kote kote papo hapo. Nzuri, ila sio bakapu.

"Naanza tu, hela sina." Huyu ndiye ninayemheshimu, na jibu lake ni fupi. Nunua laptop au mashine ya kawaida yenye Intel isiyo na F, SSD, na RAM 16. Tumia Resolve ya bure na proksi. Hela iliyobaki yote nunua diski mbili zinazofanana. Skrini ya pili itakuja, kiti kitakuja, taa zitakuja zenyewe na wateja.

NA NINYI WATEJA

Lawama sio za maedita peke yao. Tunachagua mtu kwa idadi ya wafuasi na urefu wa lenzi. Dada unayefunga ndoa mwakani, kaka unayemfanyia mama sherehe ya kustaafu, msanii unayelipa mamilioni ya kichupa, kabla hujatuma advansi uliza maswali matatu tu. Mafaili yangu yatakaa kwenye diski ngapi? Yatatunzwa hadi lini? Nikileta diski yangu, utanipa na zile klipu ambazo hazijaeditiwa? Akijibu bila kujiumauma, mpe kazi hata kama anafanyia chumbani kwa mama yake. Akianza kukuonesha taa za kompyuta, shukuru, ondoka. Na yaandikeni kwenye makubaliano kabisa, ili siku ya siku msitafutane kwenye simu.

Ukishapokea na wewe usilale. Mikopo ya harusi mnamaliza kulipa kwa mwaka mzima, lakini diski ya kutunzia video ya harusi hiyo hamnunui. Wazee wetu hawakai milele. Sauti zao nyingine ziko humo humo, kati ya MC anayepiga kelele na DJ anayejaribu spika.

Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa, leo usiku kabla hujalala, ichukue ile diski yako ya kazi. Fungua faili la zamani kuliko yote. Linacheza? Lina pacha wake mahali pengine? Kama jibu ni hapana, kesho sio siku ya kununua kadi ya picha.

Maedita najua mtakuja na moto, njooni. Na wateja mliowahi kuambiwa "diski ilikufa", shusheni stori zenu hapo chini. Majina ya watu yaacheni, stori zinatosha.